Kichupa cha Skrubu

Wenzangu, nitawasimulia yaliyoipata nyumba moja ya watu watatu, na nikimaliza msinivute pembeni kuniuliza ni nyumba ya nani. Anayeijua anaijua. Asiyeijua aiangalie ya kwake, maana nina wasiwasi zinafanana.

Asubuhi ya Jumamosi moja, baba wa nyumba hiyo alikuwa ameketi sakafuni akibandika mguu wa kiti. Alikuwa seremala, na nitamwita hivyohivyo, Seremala, kwa kuwa hata usingizini mikono yake ilikuwa ikipima mbao. Mkewe alikuwa juu ya kochi, binti yao katikati ya magoti yake, akimsuka. Binti alikuwa na miaka kumi na mmoja. Walimwita Chiriku, kwa sababu alianza kusema kabla hajaanza kutembea, na tangu hapo hajapumzika. Dirisha lilikuwa wazi, chai ilikuwa mezani, na Chiriku alikuwa akiwaigiza majirani wa jengo lao wanavyosalimiana, yaani wasivyosalimiana.

"Huyu anapanda ngazi, anatazama viatu. Huyu anashuka, anatazama simu. Wakigongana, wote wawili wanauomba ukuta radhi."

Mama alicheka mpaka akapoteza mstari wa nywele. Seremala naye alicheka, akaweka gundi chini, akaenda msalani.

Alichokiona mle kilimkata kicheko. Mkojo ulikuwa mwekundu. Sisemi wa manjano iliyokolea, kama wa mtu aliyeshinda juani bila maji. Nasema mwekundu, wa damu, na haukumuuma hata kidogo. Alisimama akiutazama kwa muda, akavuta maji, akavuta tena. Akanawa uso, akarudi sebuleni.

"Mbona umekawia?" mkewe akamuuliza.

"Mgongo," akasema. "Nadhani nilibeba vibaya zile mbao jana."

Huo ndio uongo wa kwanza katika habari hii, na ulisemwa na mtu mzima. Nawaomba mlishike hilo, kwa sababu baadaye mtashawishika kumlaumu mwingine.

Sasa niwaeleze walifikaje hapo. Seremala na jamaa yake walikuwa wamehamia nchi ile mwaka mmoja na miezi miwili kabla ya Jumamosi hiyo. Kwao alikuwa mtu na heshima zake. Akipita njiani huitwa fundi, hukaribishwa, huulizwa habari za watoto na za wagonjwa. Alipofika ugenini aliendelea na desturi yake. Wiki ya kwanza alisimama kwenye ngazi za jengo akimsalimu kila anayepita, mkono kifuani, kichwa kimeinama. Mama mmoja aliukumbatia mkoba wake akapanda ngazi mbilimbili. Mzee mmoja alimtazama, akadhani anaombwa kitu, akatikisa kichwa akaenda zake. Wiki ya pili Seremala alianza na yeye kutazama viatu vyake.

Kazi aliipata upesi, maana mkono wa fundi hauhitaji kutafsiriwa. Lakini karakana nayo ilikuwa na mambo yake. Msimamizi alikuwa kijana ambaye kwa umri angeweza kuwa mpwa wake, naye alimwita kwa jina tupu, bila fundi wala kaka, na akimwonyesha kitu alimwonyesha kwa kidole. Saa ya kula ikifika kila mtu alifungua kibweta chake cha chakula akaugeukia ukuta. Hakuna aliyesema karibu. Seremala siku ya kwanza aliwakaribisha watu kumi na wawili kwenye chakula cha mtu mmoja, na hakuna hata mmoja aliyeelewa anachotaka. Jioni alimwambia mkewe, "Hawa si wabaya. Ila sijui wanaishije."

Palikuwa na darasa la lugha la bure, jioni, kwa wageni. Alikwenda siku mbili. Mwalimu alikuwa binti mdogo mchangamfu, akawasimamisha watu wazima kwenye mstari, akawaambia washike pua waseme pua, washike sikio waseme sikio. Seremala alirudi nyumbani amefura.

"Mimi baba wa watu," alisema, "nimetoka kwetu na ndevu zangu, nikasimame mbele ya mtoto nishike pua?"

"Si utajua pua?" mkewe akamwambia.

"Pua ninaijua tangu nizaliwe."

Hakurudi tena. Mkewe naye hakwenda, kwa kuwa angekwendaje peke yake? Basi Chiriku, aliyeiokota lugha ile shuleni kwa miezi minne, akawa mdomo wa nyumba. Barua zikija anasoma Chiriku. Simu ikilia anapokea Chiriku. Fundi wa bomba akija anaongea na Chiriku, na baba mtu amesimama nyuma akiitikia kwa kichwa. Wazazi walijivuna. Mgeni akiwatembelea humwambia, "Huyu ndiye waziri wetu wa mambo ya nje." Nanyi mnacheka, lakini semeni kweli, ni wangapi kati yenu mna waziri kama huyo nyumbani?

Siku moja waliitwa shuleni. Mwalimu alisema kwa dakika tano nzima, uso umekunjamana, akigonga daftari kwa kalamu. Chiriku akawageukia wazazi wake.

"Anasema ninachangamka sana darasani."

Wazazi wakamshukuru mwalimu kwa mikono miwili. Walikuja kucheka wote watatu wiki mbili baadaye, Chiriku alipoungama mwenyewe kuwa mwalimu alisema anapiga domo hadi wenzake hawasikii somo. Walicheka, yakaisha. Hakuna aliyewaza kwamba mtoto anayeweza kulikunja neno dogo ataweza kulikunja na kubwa.

Damu ilirudi baada ya wiki mbili, na safari hii ilikaa siku tatu. Seremala akaogopa kwelikweli. Baba yake mdogo alikufa akiwa bado kijana, na watu walinong'ona tu kuwa ni ugonjwa wa chini, na mkono wa mnong'onaji ukawa mdomoni. Usiku na mchana aliwaza, nikifa huku, nani atawarudisha hawa wawili kwetu? Lakini kumwambia mkewe hakuweza. Mwanamume atamwambiaje mkewe kwamba sehemu zile zinatoka damu? Akapiga moyo konde akasema mgongo umezidi, ataenda zahanati. Akamchukua waziri wake.

Mapokezi, mama aliyekaa nyuma ya kioo alisema neno, Chiriku akaligeuza.

"Anauliza kama unataka mkalimani, Baba. Mtu mzima anayejua lugha yetu. Ni bure."

Seremala alisita. Hapa lazima nimtaje mtu mmoja waliyemwita Redio, mwenzao wa kutoka kwao, fundi viatu. Redio kama hajui habari yako, basi ujue bado hujaifanya. Ndiye aliyetangaza ndoa ya fulani kuvunjika kabla fulani mwenyewe hajajua.

"Anayejua lugha yetu anamjua Redio," Seremala akasema. "Mwambie hapana. Mimi nina wewe."

Chiriku alisimama wima kwa fahari. Mtoto huyo alimpenda baba yake kupita kiasi.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole. Hilo peke yake lilimfanya Seremala atazame sakafu. Akaulizwa anaumwa nini, akasema mgongo. Wapi? Hapa chini. Tangu lini? Wiki mbili tatu. Anabeba vitu vizito? Anabeba. Chiriku aligeuza yote vizuri, neno kwa neno. Kisha daktari akauliza swali refu kidogo, na Seremala akamwona binti yake amekodoa macho, halafu ameinamisha uso. Hakumgeukia baba yake. Alimjibu daktari mwenyewe, neno moja fupi.

Seremala alilijua neno hilo. Lilikuwa kati ya maneno ishirini aliyokuwa nayo. Lilikuwa hapana.

"Amesemaje?"

"Anauliza kama unalala vizuri, Baba."

Alijua kuwa kuna kitu kimerukwa. Ni nani anayeulizwa kama analala vizuri, jibu likawa hapana, na daktari akatabasamu? Alifungua mdomo amwambie mtoto, mwambie kuna jambo lingine. Akamtazama amekaa pale na sare ya shule, mikono juu ya magoti. Neno akalimeza.

Mimi nilikuja kujua alichoulizwa, na nitawaambia sasa hivi ili msihangaike. Daktari aliuliza kama amewahi kuona damu kwenye mkojo wake. Na Chiriku alilelewa katika nyumba ambayo msichana akitaka kwenda haja humwambia baba yake natoka kidogo. Alipokuwa na miaka sita alisema neno mkojo mbele ya wageni wa baba yake, na mama yake alimfinya paja mpaka likavimba. Somo lile lilimkaa. Angemgeukia vipi baba yake, mbele ya mwanamke wa kigeni, na kumuuliza habari za mkojo wake? Tena akawaza kitoto, baba yangu hawezi kuwa na uchafu kama huo. Akajibu hapana, ili kombe lifunikwe mwanaharamu apite.

Daktari hata hivyo alikuwa mtu makini. Alimwandikia dawa za maumivu, kisha akatoa kichupa cha plastiki chenye kifuniko, akaandika jina la Seremala na tarehe kwenye karatasi ya zahanati iliyobandikwa ubavuni, akaeleza jambo kwa vidole. Kichupa kile kilikuwa cha kuwekea mkojo. Alitaka aulete kesho yake asubuhi upimwe.

"Na hiki?" Seremala akauliza wakiwa mlangoni.

Chiriku alikitazama kichupa. "Ni cha kuwekea vidonge, Baba. Ukienda navyo kazini."

Basi vidonge vikakaa humo wiki nzima. Vilipokwisha, Seremala aliona kichupa ni kizuri, kina kifuniko kinachokaza, akakipeleka karakana akawekea skrubu ndogo za bawaba. Kikakaa juu ya benchi lake kati ya randa na patasi. Jina lake lilikuwa ubavuni, naye alipenda hivyo, kwa kuwa mle karakana vitu vidogo hupotea.

Zahanati ilipiga simu mara mbili. Alipokea nani? Chiriku. Mara ya kwanza alisema baba yuko kazini. Mara ya pili alisema baba amepona. Na ni kweli alidhani amepona, kwa sababu baba mtu alikuwa akisema hivyo.

Miezi sita ikapita. Damu ilikuja ikaondoka, ikaja ikaondoka. Ikikaa mbali wiki tatu, Seremala alijiambia imekwisha, akanunua tikitimaji akawapelekea wanawe wawili, maana hata mkewe alimwita mwanangu akifurahi. Ikirudi, alinyamaza. Mkewe siku moja akifua aliona doa kwenye nguo ya ndani ya mumewe, akalisogeza kwenye mwanga.

"Baba Chiriku, hii nini?"

"Rangi ya mbao."

Mwanamke huyo ameishi na seremala miaka kumi na minne. Rangi ya mbao aliijua, na mahali inapofikia nguo za fundi alipajua pia. Lakini alilisugua doa likatoka, na hakuuliza mara ya pili. Nyumba ya watu watatu, na kila mmoja ana lake alilolifunika, na wote wanadhani wanaheshimiana.

Siku ya Jumanne moja, kabla ya saa ya kula, Seremala alianguka kando ya mashine ya kupasulia mbao. Tangu alfajiri alikuwa hajaweza kukojoa hata tone, damu iliyoganda imeziba njia, na tumbo limemvimba likawa gumu. Hakumwambia mtu. Alifanya kazi nusu siku akiwa katika hali hiyo. Yule msimamizi kijana, asiyejua kuita mtu kaka, ndiye aliyemwinua, akampakia kwenye gari lake mwenyewe, akamshika mkono njia nzima hadi hospitali. Alikusanya na vitu vya mgonjwa kutoka kwenye benchi, koti, miwani, na kile kichupa. Alikiona kina jina la zahanati, akadhani ni dawa.

Mchana, Seremala alifumbua macho kitandani. Mpira wa kutolea mkojo ulikuwa umewekwa, maumivu yamepungua. Mkewe alikuwa upande mmoja. Chiriku, aliyeitwa kutoka shuleni, alikuwa amesimama miguuni pa kitanda na begi mgongoni, ameshajipanga kwa kazi. Kisha akaingia daktari mwenye mvi, na nyuma yake mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Mama huyo akasalimia kwa lugha yao, salamu kamili, ya watu walioamka salama na wasioamka salama. Seremala alikuwa hajasalimiwa hivyo na mtu mgeni tangu avuke mpaka. Macho yakamjaa machozi.

Mkalimani akamgeukia Chiriku kwanza. "Mwanangu, pale nje kuna viti. Nenda ukapumzike."

"Huyu ndiye mdomo wangu, dada," Seremala akasema.

"Mdogo wangu, huyu ni mtoto wako. Mdomo unao." Akasubiri mpaka mlango umefungwa. "Tena nitakayoyasikia hapa hayatoki. Nikiyatoa nafukuzwa kazi. Nimewakalimania watu kwa miaka kumi na tisa, na sijawahi kumwambia hata mume wangu nilimwona nani."

Daktari alisema, naye akageuza, taratibu, bila kukunja kitu. Picha zimeonyesha uvimbe kwenye kibofu. Ni saratani. Imekuwa humo muda mrefu na imetoboa ukuta wa kibofu. Kibofu lazima kitolewe, na baada ya hapo mkojo utapita kwenye mfuko utakaobandikwa tumboni, siku zote. Kisha watatazama kama imesambaa. Damu ilianza lini?

Seremala akajibu, "Miezi saba."

Mkewe alifunika uso kwa kanga.

Daktari akachukua kichupa juu ya meza ya mgonjwa, akasoma tarehe. Uso wake ukabadilika. Akauliza, na mkalimani akauliza.

"Daktari anasema, hiki ulipewa miezi sita iliyopita ulete mkojo. Wakati ule uvimbe ungekuwa mdogo, pengine ungekwanguliwa ukarudi nyumbani siku ya pili. Kwa nini hukukirudisha?"

"Kichupa gani?" Seremala akasema. "Hicho ni cha vidonge. Nimewekea skrubu."

Mkalimani alikitikisa kidogo, skrubu zikagongana. Seremala alikumbuka lile swali refu na lile jibu fupi, na jinsi alivyomeza neno lake. Akageuza uso ukutani.

Mama mtu alitoka kwenda kwenye korido akiwa hajijui. Alimkuta Chiriku kwenye kiti, akamshika mabega akamtikisa. "Ulimwambia nini baba yako juu ya kile kichupa?"

Mtoto alielewa yote kwa mara moja. Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, ningelisemaje neno lile mbele ya Baba?"

Mama yake akamwachia. Angejibu nini, yeye aliyemfinya?

Tangu siku hiyo Chiriku hakusema tena. Baba yake alipasuliwa, akakaa hospitali wiki tatu, akarudi nyumbani amekonda na mfuko tumboni, mtoto bado hasemi. Simu ililia ikanyamaza yenyewe. Barua zikarundikana. Shuleni hakujibu hata jina lake likiitwa. Mwalimu, yule aliyemlalamikia kwa domo, alikuja mwenyewe nyumbani, akaketi kwenye kochi na kulia, na mama mtu akaketi karibu yake wakashikana mikono bila neno hata moja la kuelewana.

Ndugu zangu, Seremala aliogopa kifo, lakini sasa aliona kitu kinachotisha zaidi. Aliona kwamba akifa hivihivi, mtoto yule ataamini maisha yake yote kwamba amemuua baba yake. Kila akimtazama mezani, ameinama juu ya sahani, aliona jambo hilo linakua ndani yake. Na dawa yake hakuna daktari angeiandika. Alikuwa nayo yeye tu, nayo ilikuwa chungu, maana ilimtaka aseme mbele ya binti yake maneno ambayo baba hasemi.

Alimwita siku moja alasiri, akamketisha mbele yake.

"Chiriku. Asubuhi ile mama yako akikusuka, ulipokuwa ukiwaigiza majirani, mimi nilikwenda chooni nikakojoa damu."

Mtoto aliziba masikio. Akamtoa mikono, kwa upole, akaishika.

"Nilikojoa damu, mwanangu. Nikaja nikawaambia mgongo. Wewe ulikuwa umeshasema neno gani siku hiyo? Hujasema kitu. Mimi ndiye niliyetangulia kusema uongo. Kule zahanati, ulipojibu hapana, nilijua umeruka kitu. Nililijua lile neno. Ningeweza kusema, rudi nyuma, uliza tena. Sikusema. Niliogopa Redio, na niliona aibu mbele ya binti yangu."

Akapumua. "Wewe hukujua kama nina damu. Mimi nilijua. Sasa niambie, aliyejua na asiyejua, nani amefanya kosa?"

Chiriku alimwinulia baba yake macho. Midomo yake ilikuwa imekauka kwa kutotumika.

"Lakini Baba," akasema, "mimi ndiye niliyesema hapana."

"Ulisema hapana kwa sababu tulikufundisha. Na hatukupaswa kukupeleka."

Hapo ndipo mtoto alipolia, kilio cha wiki zote zile, na mama yake akaja kutoka jikoni akawakumbatia wote wawili.

Siku ya majibu ya mwisho ilipofika, Chiriku aliamka mapema, akavaa viatu, akakaa mlangoni. Seremala alitoka chumbani amevaa shati lililopigwa pasi.

"Unakwenda wapi?"

"Na wewe. Hospitali."

"Leo ni siku ya shule. Nenda shule."

"Sasa nani atakuambia?"

"Mkalimani ataniambia mimi. Na ukirudi, mimi nitakuambia wewe. Sitapunguza."

Majibu hayakuwa mazuri. Ugonjwa ulikuwa umeshapanda kwenye ini. Jioni alimngoja mtoto, akamweleza yote kama alivyoahidi, huku mikono yao ikiwa mezani, mmoja juu ya mwingine. Alisema kuna dawa za kuuchelewesha, hakuna za kuutoa. Chiriku aliuliza maswali, naye alijibu yote, hata lile la lini.

Aliishi mwaka mmoja na miezi mitatu. Katika muda huo alirudi kwenye lile darasa, akasimama kwenye mstari na mfuko wake chini ya shati, akashika pua akasema pua, akashika sikio akasema sikio. Mkewe alikuwa nyuma yake kwenye mstari uleule, na leo anaongea kuliko wengi wenu. Msimamizi kijana alimtembelea kila Jumapili, akajifunza kumwita fundi.

Alifariki siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Daktari alipouliza maswali ya mwisho, mkewe alijibu mwenyewe. Chiriku hakuwepo. Alikuwa darasani, anafanya mtihani wa hesabu, na huko ndiko baba yake alikotaka awe.

FUNZO LA HABARI HII

Tunapofika nchi ngeni tunaogopa mengi, baridi, upweke, watu wasiosalimia. Hayo huzoeleka. Kinachotuua ni aibu tuliyokuja nayo wenyewe ndani ya sanduku. Waliotutangulia walisema mficha maradhi kifo humuumbua, nasi tunaisema methali hiyo kila siku kisha tunatafuta pa kuficha.

Msimfanye mtoto kuwa mdomo wenu. Mtoto hujifunza lugha upesi, lakini kujua lugha si kuwa mtu mzima. Mkimtuma abebe habari za damu zenu, talaka zenu na hofu zenu, ama ataziangusha njiani, ama zitamvunja mgongo. Mtu mzima akiletwa awakalimanie, mkubalini. Redio atasema tu, hata mkikaa kimya, kwa kuwa ndiyo kazi aliyojipa.

Na heshima ni kitu chema, wala mimi sitaki tuivue. Lakini heshima inayomzuia mgonjwa kusema panapouma, na inayomzuia mtoto kuuliza, hiyo mmeipachika jina hilo tu. Mama, mwambie binti yako viungo vyote vina majina, na kwa daktari hakuna neno chafu. Baba, mwalimu mdogo akikuambia shika pua, ishike. Usingoje uvae mfuko tumboni ndipo urudi darasani.